Filamu za kutafsiriwa: PhD yake ni ya idara gani? Kila mlango naambiwa nenda kwa jirani

#1 Kipande cha Mkanda

Wanajamvi, habari zenu.

Mada ya PhD ninayo, msimamizi sina. Nataka kuchambua filamu za kutafsiriwa. Mnazijua: kungfu ya Hong Kong, muvi ya Kihindi au ya Marekani, halafu juu yake sauti ya mtu wetu anayesimulia, anayewapa wahusika majina mapya na kuongeza maneno ambayo hayamo kabisa kwenye filamu. Lufufu, DJ Mark, na kwa majirani zetu Kenya DJ Afro.

Andiko langu limezunguka chuo kizima. Idara ya Kiswahili wamesema hii ni filamu, nenda sanaa. Sanaa wamesema hukuitengeneza wewe na wala si ya Kitanzania, nenda mawasiliano ya umma. Mawasiliano ya umma wameuliza dodoso liko wapi na litajazwa na watu wangapi. Historia wameuliza nyaraka ziko maktaba gani. Hakuna aliyesema mada ni mbaya. Wote wameisifia, kisha wakanirudishia karatasi zangu.

Dai langu ni kwamba filamu hii haigawiki. Ukichukua maneno peke yake umeiacha picha ambayo msimulizi anaijibu. Ukichukua picha peke yake umebaki na muvi ya Hong Kong ambayo imeshaandikwa sana. Ukihesabu vichwa umeacha kilichowakalisha watazamaji pale kwenye benchi la kibanda cha video. Wenzetu nje wana PhD za utamaduni wa taswira na vyombo vya habari kwa ajili ya kazi za namna hii. Kwetu inakwama wapi? Na kama kuna aliyepita njia hii, alipitaje?

#2 Mzee wa Dodoso

Nimesimamia na kutahini tasnifu za mawasiliano muda mrefu, ngoja nikwambie ukweli. Ulipoulizwa dodoso hukufukuzwa, uliulizwa mbinu. Wengi wanaokuja na "taaluma mtambuka" wanaokota kidogo huku na kidogo kule, na mtahini wa nje akiuliza "haya umeyajuaje?" panakuwa kimya. Idara ni dhamana. Tasnifu ikiyumba lazima awepo mtu wa kuwajibika. Lete swali moja linalojibika, mlango utafunguka.

#3 Mtoto wa Baridi

Mkuu #1, mimi niko kwenye programu ya namna hiyo Marekani. Si jambo la juzi. Ile ya Chuo Kikuu cha Rochester ilianza 1989, nyingine zikafuata. Mfumo wao ni huu: unasoma madarasa kwanza, unafanya mtihani mpana, halafu unaunda kamati ya wasimamizi kutoka idara tofauti. Mmoja wangu ni wa historia ya sanaa, mwingine wa filamu, mwingine anthropolojia.

Ila usidhani huku walikubaliana. Mwaka 1996 jarida la sanaa la huku liitwalo October liliwatumia wasomi maswali kuhusu taaluma hii, na majibu mengine yalikuwa makali: kwamba inaua historia ya sanaa, kwamba inazichukulia picha zote kuwa sawa bila kujali zimetengenezwa na nini na lini. Ugomvi huo bado unaendelea kwenye korido zetu. Na ukimaliza, idara ya historia ya sanaa inakuambia wewe si wao, idara ya filamu nayo inakuambia vivyo hivyo. Ulichokutana nacho mlangoni wakati wa kuingia, sisi tunakutana nacho wakati wa kutafuta kazi.

#4 Kisauni Damu

Salaam kutoka Mombasa. Mwenzangu, wewe wahangaika na Kiswahili na sanaa, na mlango wenyewe umeshafunguliwa na watu wa anthropolojia. Heike Behrend kutoka Ujerumani aliandika kuhusu wapigapicha wa Likoni, wale wa vibanda vya njia ya feri. Mteja asimama mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, apigwa picha, atuma kwao bara. Aliisoma picha, pazia, safari ya mteja na siasa ya mji kwa pamoja. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwakuta na wapigapicha pia, maana wengi wao walikuwa watu wa bara. Huwezi kueleza yale mapazia ukaiacha 1997, na huwezi kueleza yote hayo ukiwa mtu wa sanaa peke yake.

Swali langu mimi ni jingine: kwa nini lazima atoke mtu Ujerumani ndipo picha za Likoni ziwe elimu?

#5 Kipande cha Mkanda

Asante #4, na #3 pia. Hata hizi za kutafsiriwa Mjerumani kawahi. Matthias Krings wa Mainz, naye mwanaanthropolojia, kwenye kitabu chake cha 2015 ana sura kuhusu wasimulizi wa Dar. Nimemsoma, na ameifanya vizuri. Lakini ninachotaka mimi ni kukaa na sauti zenyewe, sekunde kwa sekunde, kwa sikio la mtu aliyekua nazo.

Mzee #2, swali moja ninalo: mtazamaji wa kibandani alikuwa anaangalia au anasikiliza?

#6 Tandale kwa Mtogole

Hapo umenigusa. Mimi nilikuwa na kibanda umiza, acheni niwape ya mlangoni kabla wasomi hamjafika mbali.

Asubuhi unachukua ubao mweusi unaandika kwa chaki: saa nane kungfu, saa kumi ya Kihindi, usiku mpira. Muvi moja ukiandika pembeni "ya kutafsiriwa" watu wanajaa, usipoandika wanapita. Filamu ile ile! Mteja anainama mlangoni, anauliza jambo moja tu: "Ni ya Lufufu?" Haulizi nani kacheza.

Na watu walikuwa hawakai kimya. Msimulizi akisema "sasa huyu anakwenda kumlipizia kaka yake", nusu ya kibanda inamjibu "mwacheni aende!" Mimi najua muvi ambazo watu walikuwa wanasema maneno ya msimulizi kabla hajayasema.

Kwa hiyo swali lako jibu lake ni walikuwa wanasikiliza. TV yenyewe ilikuwa inchi ngapi? Aliyekaa nyuma aliona migongo.

#7 Sikio la Tatu

#6 umesema jambo ambalo nalifikiria kila nikisikia hoja ya "watu hawakujua Kiingereza". Ile mikanda ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. VHS kila ukiirudufu rangi zinavuja, nyuso zinafutika, usiku kwenye filamu unakuwa weusi mtupu. Maelezo yangu ni kwamba sauti ya msimulizi ilikuja kuokoa picha iliyokufa. "Huyu anayepita ni yule mwenye kovu" kwa sababu kovu halionekani! Lugha ni sababu ya pili.

#8 Kisauni Damu

#7 hoja nzuri ila yaniacha na swali. DJ Afro amezidi kupata watu wakati picha ni safi kabisa, za dijitali, watu waangalia kwenye simu. Na wasikilizaji wake vijana wa Kenya Kiingereza wamekisoma shule tangu utotoni. Si macho wala si lugha basi. Mtu ataka raha ya kusimuliwa.

#9 Sikio la Tatu

Kilichoanzisha jambo na kinacholiendeleza si lazima kiwe kimoja.

#10 Mganda wa Temeke

Mnazunguka bure, hii kitu ilitoka Kampala. Vijei wa Uganda wanasimulia filamu kwa Kiluganda tangu zamani kwenye vibanda vyao, wafanyabiashara wa mikanda wakaiona, wakaileta Dar. Huo ndio mwanzo.

#11 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, shikamooni zenu nazipokea hata kama hamjazitoa.

Picha ya mbali yenye sauti ya karibu si mali ya Kampala wala ya kibanda. Wakoloni walileta filamu za mafunzo miaka ya 1920, wakatengenezea hapa hapa Usambara, sauti ikawa inawekwa kando kwa lugha za wenyeji. Baadaye magari ya sinema yalikuwa yakizunguka vijijini na mtu wa kipaza sauti akieleza kinachopita. Watu walizoea kwamba picha ina mtu wake wa kuisemea.

Kuhusu vyuo: chanzo cha kukwama ni jinsi sanaa ilivyoingia. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere 1937, na shule ile ilifundisha mkono: kuchora, kuchonga, kufinyanga. Kusoma na kuandika kuhusu picha za mtaani hakukuwa na mwenyewe. Fasihi ikachukua vitabu, historia ikachukua mafaili, picha ikabaki ya wachoraji. Andiko lako linagonga ukuta uliojengwa zamani.

#12 Mla Nyaraka

Shikamoo Mwalimu. Rekebisho la mwaka tu: mradi wa Usambara ulikuwa 1935 hadi 1937, si miaka ya 1920. Makao yake yalikuwa Vugiri, ukiongozwa na Latham na Notcutt, na fedha kubwa ilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Filamu za milimita 16 na sauti kwenye sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Walizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Magari yenye msemaji wa kipaza sauti ni zaidi ya enzi za Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa 1939.

Na hapa ndipo naona tatizo la hoja yako Mwalimu. Kati ya gari la serikali linalofundisha kilimo na Lufufu kuna pengo la miaka mingi. Nani aliubeba huo mtindo katikati? Kufanana hakutoshi kuwa ukoo. Wajapani nao walikuwa na wasimulizi wao wa filamu bubu, benshi, na hakuna anayesema Tandale walijifunza Tokyo.

#13 Forodhani

Katikati palikuwa na sinema #12! Waulizeni wazee wa Unguja. Filamu ya Kihindi pale Majestic au Empire, nusu ya ukumbi hawajui Kihindi, kila safu ina mtu mmoja aliyekwisha kuiona anayewapasulia wenzake. Laura Fair, mwanahistoria, ameandika kitabu kizima cha 2018 kuhusu majumba ya sinema Tanzania kwa kuwahoji watazamaji wenyewe. Aliyekuwa akinong'ona safu ya tano ndiye aliyekuja kushika kipaza. Huo ndio ukoo.

Na nimwambie mwenye uzi: historia wakikuuliza nyaraka, waambie nyaraka za picha kwetu ziko madukani. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza imefunguliwa 1930, na ukitaka kuona sura ya Zanzibar ya karne iliyopita unakwenda pale kabla ya kwenda kwenye mafaili.

#14 Tandale kwa Mtogole

Wazenji mnataka kila kitu kianzie kwenu. Mbona televisheni yenyewe imekuja nchini 1994?

#15 Forodhani

Hiyo 1994 ni ya huko kwenu bara. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, tena ya rangi. Wakati nyie mnasubiri, sisi tumeshachagua kiti.

#16 Tandale kwa Mtogole

Haya bwana. Chukua kiti chako.

#17 Mzee wa Dodoso

Vijana wanafurahi ila mwenye uzi atazame kinachotokea. Zimeshatajwa asili nne hapa: Kampala, Vugiri, magari ya sinema, safu ya tano ya Majestic. Zote zinapendeza. Ipi ina ushahidi? Ukipeleka hizi nne kwenye utetezi nitakukalisha hapo mpaka jioni. Na kumjibu #11, ukuta wa Makerere hauelezi kwa nini idara zilizoundwa juzi zinafanya vilevile. Idara inapimwa kwa wahitimu wake na machapisho ya watu wake. Mwanafunzi wa idara tatu anahesabiwa na nani? Hapo ndipo penye shida, na ni shida ya leo.

#18 Kamalondo

Jambo bandugu, naandika kutoka Lubumbashi, mnisamehe Kiswahili chetu cha huku.

Mzee #17 anasema mbinu hakuna. Mimi nampa mfano wa kwetu. Miaka ya 1973 na 1974 Johannes Fabian alikaa hapa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba alichora historia ya nchi yote, michoro zaidi ya mia moja: wakubwa wa zamani, Wabelgiji wanapiga watu kiboko, Lumumba, vita ya Katanga. Kila mchoro alikuwa anaueleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na Fabian alirekodi. Kitabu kilitoka 1996. Mchoro uko pale, maneno ya mchoraji yako pembeni yake, maswali ya msomi pia yanaonekana. Ukiondoa maneno, unabaki na mchoro ambao mgeni ataona ni wa mtu asiyejua kuchora mkono. Ukiondoa mchoro, maneno hayasimami.

Hii ni sanaa? Historia? Lugha? Fabian ni mtu wa anthropolojia, lakini wanahistoria wanaitumia, watu wa sanaa wanaitumia. Mbinu iko: picha na sauti yake kwenye ukurasa mmoja.

#19 Kipande cha Mkanda

#18 asante sana, umenipa nguvu. Nimekuwa nikijaribu kitu cha jinsi hiyo. Nachukua tukio moja la kungfu, nagawa ukurasa safu nne: kinachoonekana, sauti ya asili, sauti ya msimulizi, na makelele ya watazamaji pale ninapoyapata. Kuna kipande mwalimu mzee anamfundisha kijana kwenye ua. Sauti ya asili ina maneno machache mno. Msimulizi wetu anajaza kimya chote kwa hadithi ya kijana: alikotoka, aliyemuua baba yake, deni analodaiwa. Halafu mzee anapoinua mkono, msimulizi ananyamaza ghafla, anaiachia ngumi ilie peke yake. Huyo mtu anaangalia! Anajua picha inapojitosheleza na inapopungua. Mtu wa tafsiri akija na maandishi tu ule ukimya hataukuta, kwa sababu haujaandikwa popote.

Mzee #17, hapo nina swali, nina data na nina namna ya kuisoma. Bado sina idara.

#20 Mzee wa Dodoso

Hiyo safu ya nne ndiyo inayonivutia. Hizo kelele za watazamaji utazipataje kwa filamu za zamani? Kibanda kimevunjwa, watazamaji wamezeeka. Ukirudia onyesho leo unapata kelele za leo. Nijibu hilo kwenye andiko, mimi mwenyewe nitalisoma tena.

#21 Wakili Msomi

Kabla hamjafika kwenye kelele, kuna suala la hakimiliki. Mikanda hiyo mingi haikuwa na ruhusa ya mwenye filamu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, ipo. Kunukuu kipande kwa uchambuzi ni jambo moja, kuambatisha filamu nzima kwenye tasnifu na kuipandisha mtandaoni ni jambo jingine. Na kuna haki ya pili ambayo wengi hawaifikirii: ya msimulizi mwenyewe. Sauti na maneno ni vyake hata kama picha si yake. Mhoji, mpe fomu ya ridhaa, mweleze sauti yake inaenda wapi.

Vibali vya utafiti: bara ni COSTECH, Zanzibar wana utaratibu wao wenyewe, Kenya ni NACOSTI. Usije ukavuka na kamera ukidhani kimoja kinatosha.

#22 Mganda wa Temeke

Mimi bado nasema Kampala.

#23 Mla Nyaraka

Leta mkanda wenye tarehe, mkuu, nami nitakuwa wa kwanza kukubali.

#24 Sikio la Tatu

Kuna maelezo mengine hayajasemwa. Redio. Kizazi cha Lufufu kimelelewa na mtangazaji wa mpira. Mpira wa redioni picha hakuna kabisa, mtangazaji anaijenga kichwani mwako, anapandisha sauti, anashusha. Sikilizeni mwendo wa pumzi za wasimulizi kwenye mapigano, mtasikia dakika ya themanini na tisa. Kwa hiyo kamati yako iongeze mtu wa redio.

#25 Mtoto wa Baridi

#24 hii inaweza kupimika kwa programu za kuchambua sauti, kasi ya maneno na mpando wa sauti vinaonekana kwenye mchoro. Mwenye uzi akitaka nitamwelekeza, zipo za bure.

#26 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu #1, shauri la kiutendaji. Jisajili pale penye mtu anayeipenda mada, hata kama jina la idara si lako. Msimamizi wa pili mwombe kutoka idara nyingine kwa barua rasmi, kanuni za vyuo vingi zinaruhusu wasimamizi wawili. Nimeona mada nzuri zikifa zikisubiri idara yenye jina sahihi. Na #12, pengo ulilolitaja bado nalifikiria. Lakini usimdharau mtu wa kipaza wa kijijini, alikuwa kijana wa mahali pale na watoto walimwiga.

#27 Dada wa Mikanda

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Marehemu kaka yangu alikuwa na maktaba ya video Morogoro, na mikanda bado iko stoo kwenye maboksi, mingi ni ya kutafsiriwa. Shemeji anataka kuchoma. Kuna anayeihitaji?

#28 Kipande cha Mkanda

Dada yangu, mwambie shemeji asiwashe moto! Naomba uje PM. Mikanda ina hali gani? Ukifungua kifuniko cha mbele unaona utando mweupe kwenye ukingo wa mkanda?

#29 Dada wa Mikanda

Baadhi ina kama unga mweupe. Mingine safi. Makasha yana maandishi ya kalamu, majina ya wakodishaji na nani hajarudisha.

#30 Tandale kwa Mtogole

Hiyo yenye unga usiiweke kwenye deki, kuvu linachafua hedi na kila mkanda utakaoingia baada ya hapo unaambukizwa. Itenge, iweke pakavu penye hewa, isimamishe wima. Deki nzima ninayo moja, naitunza, kwa kazi hii naitoa.

#31 Mla Nyaraka

Na kabla ya kusafisha chochote pigeni picha kila kasha pande zote, mpe kila kimoja namba. Hiyo orodha ya waliokodi na hawakurudisha isifutwe hata herufi. Historia waliuliza nyaraka, hizo hapo.

#32 Mzee wa Dodoso

Majina ya wakodishaji yafichwe kwenye tasnifu. Ila yahesabiwe. Dada, kuna tarehe kwenye makasha?

#33 Dada wa Mikanda

Mengine yanazo. Jumamosi naenda stoo, nitapiga picha niweke hapa.